Kasi Uliyoniachia

Chumba cha nyuma, nyumbani,
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu kabla ya habari yoyote. U mzima? Kile kikohozi ulichokitaja kimekwisha, au bado unatembea kichwa wazi kwenye baridi hiyo? Sisi hatujambo. Mgongo wa Mama unamsumbua asubuhi tu. Akishaanza kutugombeza, unapona.

Huwa nacheka nikifikiri kwamba huko mnatafuta joto la nyumba nzima, na mimi huku natafuta baridi ya mashine moja tu nisiipate. Ndiyo, ni kompyuta yako, na nina jambo la kukiri. Niache kwanza nizunguke kidogo. Unanijua, jambo zito halinitoki moja kwa moja.

Unakumbuka ulipoipandisha kasi kupita ile ya kiwandani, ili mchezo wako wa mbio za magari usikwamekwame? Ilizima kabla hujamaliza mzunguko wa kwanza. Ukaifungua ubavu, ukaielekezea feni ya mezani. Kisha zikaja chupa za maji yaliyogandishwa mbele ya feni, mpaka Mama akafungua friji kutafuta samaki wake akakuta chupa kumi na mbili. "Hii ni friji au wodi ya kompyuta?" Nawe ukamjibu, "Mgonjwa yuko hoi, Mama, tumwonee huruma." Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Kazi yangu ilikuwa kukusomea nyuzi za joto kwenye kioo wakati unacheza. Shuleni sikuthubutu kunyoosha kidole hata nilipojua jibu, lakini mle chumbani nilipaza sauti: "Themanini na tatu! Themanini na tano! Kaka, inaungua!" Sidhani kama nimewahi kusema kwa nguvu hivyo mahali pengine popote.

Halafu ukaja mtungi. Nikiwasimulia watu hawaamini. Rejeta ndogo ya gari bovu kutoka kwa fundi wa gereji jirani, pampu ya tangi la samaki, mipira miwili ya kupitishia maji, na ule mtungi wa udongo alioukataa Mama kwa kuwa ulitoka jasho ukilowesha sakafu. Ukasema jasho hilo hilo ndilo tunalolitaka, maana ndilo linalopoza maji ya ndani. Yakatoka mtungini, yakapita kwenye mashine yakibeba joto, yakapigwa na feni kwenye rejeta, yakarudi. Tukashuka hadi sitini na nne! Ulinibeba mabegani, na miaka yangu kumi na mitatu, tukazunguka chumba mpaka nikagonga taa kwa kichwa.

Siku unaondoka ulisema neno moja tu kuhusu mashine: "Chezea chochote, ila kasi usiiguse." Nikakuahidi. Miaka minne sikuigusa.

Sasa habari yenyewe. Tangu nimalize mtihani wa mwisho nilikuwa nimekaa tu. Wiki iliyopita mpiga picha wa pale kwenye kona alinipa jaribio: nimharirie video ya harusi, iwe tayari Jumamosi saa sita mchana kwa sababu maharusi walikuwa wanasafiri jioni. Ikimpendeza, ananiajiri. Nilimjibu "ndiyo" kwa sauti ndogo, ikabidi aniulize mara ya pili.

Jumatano kompyuta ikaanza kuzima. Tisini na sita, pu, kioo cheusi, na kazi ya saa nzima imepotea. Nikajaza mtungi, nikapangusa vumbi kwa brashi ya rangi, nikarudisha chupa za barafu. Wapi! Alhamisi nikainama nyuma ya meza, na nikakuta nini? Soksi za Baba, taulo mbili na sweta, vyote vimetandazwa juu ya rejeta, vikavu kabisa. Kumbe tangu mvua zianze Mama amekuwa akianika pale. Nilipomwuliza akanishangaa. "Si kakako aliniachia kikaushio? Nguo zinatoka na joto kama mkate!"

Nikaviondoa. Joto likashuka kidogo, likakwama tisini na moja, kisha likapanda tena. Pampu nayo imezeeka.

Nikamwita yule fundi wa gereji. Akaitegea sikio pampu kama daktari, akasema, "Bibie, gari lenye rejeta mbovu hulikimbizi. Unaliendesha polepole, lifike." Nikamwambia siwezi, kaka amekataza. Akajifuta mikono. "Kakako alikuwa anashindana. Wewe unashindana na nani?"

Kaka, Ijumaa asubuhi niliishusha kasi. Nilisoma maelekezo mara tatu, nikajiona kama mtu anayekata mti uliopandwa na aliye safarini. Ikawa kasi ya kawaida, kompyuta kama ya mtu yeyote. Feni zikatulia, nikamsikia Mama akiosha vyombo jikoni. Nililia kidogo. Kisha nikafanya kazi, na haikuzima hata mara moja.

Jumamosi saa tano na nusu niliikabidhi video. Mpiga picha akaketi kuitazama. Pale bibi arusi anapomfuta baba yake machozi akairudisha nyuma, akatazama tena. Akaniambia nianze Jumatatu, yaani kesho.

Sitasema najuta, maana ningekuwa nakudanganya. Ila ahadi niliivunja mimi, si fundi wala Mama, na nilitaka uyapate haya kwa mkono wangu. Muda wote huu mashine ilikuwa ikinguruma vilevile ulivyoiacha, na mimi nilijifanya kwamba umetoka kidogo tu. Tarakimu zako zote za kasi nimeziandika kwenye daftari, sikuacha hata moja. Lakini sitazirudisha mimi. Ukitaka ikimbie tena, njoo uipandishe mwenyewe.

Baba anakusalimu na kuuliza kama unakula vizuri. Shangazi mshonaji anasema umtumie vipimo vyako vya sasa, asije akakushonea shati la yule kijana mwembamba wa zamani. Fundi naye anakusalimu sana.

Mungu akufunike huko uliko, na njia ya kurudi aiweke wazi.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye bila kupungua,
Kitindamimba