Rimoti Ikae Mkononi mwa Baba Yako

Mjukuu wangu Kemunto,

Nairobi yasemaje? Huku Ekerenyo ndizi zimekomaa na mguu wa baba yako unapona, ingawa bado hawezi kufika kanisani. Ndiyo maana swali lako limenirusha kitini kwa furaha! Wauliza ununue kifaa gani cha kuchomeka kwenye televisheni, aone ibada ya Sabato kwa intaneti.

Nunua cha bei nafuu, chenye rimoti ya vitufe vichache! Muuzaji akikucheka, mwache acheke. Si yeye atakayekitumia.

Nilipokuwa msichana nilimnunulia mama yangu redio kule Kebirigo, kubwa, yenye vitufe tele. Nikamfundisha kwa kufoka: "Si hapo, mama! Lete!" Niliporudi kumtembelea, niliikuta imefunikwa kitambaa cha kufuma, kama kiti cha mgeni.

"Mama, mbona huisikilizi?"

"Nakungoja wewe uiwashe. Nikikosea utanipigia kelele."

Hapo ndipo nilipoelewa. Mama hakuwa na shida na redio. Alikuwa ananiogopa mimi.

Basi njoo nacho Ijumaa! Mpe baba yako rimoti, kisha usiiguse tena. Akikosea mara kumi, mwache ajaribu ya kumi na moja. Mimi nitakuwa jikoni nimefunga mlango, kwani mdomo wangu unaujua. Kwaya ikianza kuimba, nitajua amefaulu, nami nitatoka na chai.

Nyanya yako anayekusubiri