Mishono Mitatu ya Kurudi

3 Februari

Mwanangu,

Salamu nyingi. Mama yako hajambo, mimi magoti tu ndiyo yananisumbua. Baridi ya huko umeizoea?

Huku viatu vya nje vimejaa kila duka, bei ya kutupa. Tangu mwaka jana hakuna aliyeniagiza kiatu kipya. Nimebaki kushona hivyo hivyo vya nje, maana havimalizi mwezi, uzi unafumuka kisigino kizima. Nimevikagua. Mshonaji hakurudi nyuma hata mara moja. Mwanafunzi wangu wa wiki ya kwanza anajua: ukifika mwisho, rudi mishono mitatu, ndipo ukate uzi. Huyo mtu hana aibu? Sijui alifundishwa na nani.

Vina nyota ndogo chini ya soli. Ukiviona huko, usinunue.

Baba yako, Fundi

20 Mei

Baba,

Shikamoo. Nisamehe kukaa kimya. Niliisoma barua yako nikakosa pa kuanzia.

Viatu vya nyota vinatoka kiwandani kwetu. Kisigino nashona mimi. Mwanzoni nilikuwa narudi mishono mitatu, msimamizi akanifokea kwamba napoteza muda, nikaacha. Kwa hiyo huyo asiye na aibu ni mwanao, na aliyemfundisha ni wewe.

Imeniuma sana. Sasa narudi tena, kimya kimya, na wenzangu wote wa mstari wetu wa mashine nimewaonyesha. Wakinifukuza, potelea mbali.

Mwanao

11 Novemba

Mwanangu,

Marahaba. Tupo, tunajikongoja. Nawe afya vipi?

Nilinuna siku tatu, kisha nikacheka peke yangu hadi mama yako akaniuliza kama mimi ni mzima. Baadaye muuza maziwa alileta kiatu cha nyota, kifungo cha mkanda kimekatika tu. Nikakigeuza kisigino: mishono mitatu, safi, mkono wako kabisa. Nilimwonyesha kila aliyepita. Nilivimba kichwa, sikufichi.

Ila tangu hapo wateja hawaji. Viatu havifumuki. Wiki nzima nimeshona mkoba mmoja, na mwenye banda hili ninalopanga anasema kuna muuza simu analitaka. Kipya hawaagizi, kibovu hawana. Sasa mimi nishone nini?

Nimechana barua hii mara mbili. Mimi niliyekupiga rula vidoleni kwa kusahau mshono wa tatu, leo nakuomba: usirudi tena. Shona wanavyotaka wao.

Baba yako