Ubeti wa Tatu wa Mama

Jumanne, 10 Juni

Shajara yangu, leo sitakuficha lolote.

Baada ya shule nilienda na mama mtaa wa Bondeni, kwenye duka la kijana anayeuza nyimbo za kuweka kwenye flashi. Akatuchezea moja ambayo alisema madereva wa Mai Mahiu wanaipenda mno. Ilikuwa sauti ya mama. Wimbo huo aliutunga tulipomzika mjomba Njoroge kule Molo, na mtu aliurekodi kwa simu.

“Nani ameimba?” mama akauliza polepole.

“Hiyo haina mwenyewe, mathe. Watu wanatumiana tu.”

Mama akaimba ubeti wa tatu, ule usiomo kwenye rekodi, wenye jina la mjomba. Kijana akatoa simu.

“Rudia basi nirekodi, mathe. Hiyo ndiyo itauza.”

Mama akakataa. Tukarudi nyumbani.

Kesho kwenye mdahalo wa shule nimepangiwa kutetea kwamba hakimiliki ya muziki ifutwe, kwa kuwa siku hizi nyimbo zinatumwa bure kila mahali. Hoja zangu ni nzuri. Bila kutumiana, nani Mai Mahiu angeujua wimbo wa mama? Lakini wanaujua bila jina lake, na bila jina la mjomba.

Sasa mama yuko jikoni, ananingoja nimsomee hoja zangu. Hoja ya kwanza inasema wimbo ukishatoka mdomoni ni wa kila mtu.

Nijibu upesi, kabla hajaniita tena: nimsomee hivyo hivyo?