Visu vya Shafti Vimepigwa Tupa

Jumanne, jioni. Mvua imekatika lakini hewa bado nzito, na mimi nimefura kwa hasira tangu adhuhuri. Chai nimeikataa. Mke wangu ameacha kuniuliza.

Hamisi, mdogo wangu, ndiye mzamiaji wa boti yetu ya mizigo. Propela ikinasa wavu au kamba, injini inazimwa, yeye anashuka na kisu kwenda kukata. Sikio lake la kushoto limeshakufa kwa kazi hiyo. Daktari alimwambia aache kuzamia, la sivyo la kulia litafuata. Yeye hucheka tu.

Ndiyo maana mimi, makanika wa boti, nilihangaika mpaka nikapata kikata kamba. Ni visu vya chuma vinavyofungwa kwenye shafti inayozungusha propela, mbele yake tu. Shafti ikizunguka navyo vinazunguka, kamba ikijileta inakatwa papo hapo. Hakuna haja ya mtu kushuka majini. Wiki iliyopita, boti ilipovutwa nchi kavu, nilivifunga kwa mikono yangu. Vilikuwa vikali, vinanyoa ndevu. Nikaenda kula nikipiga mluzi.

Leo, hata hatujaiacha bandari mbali, propela ikanasa wavu. Nikangoja visu vifanye kazi. Injini ikakoroma, ikazima.

Mawimbi yalikuwa yanatusukuma kwenye mawe. Nilimkataza Hamisi, lakini alishavua shati. Akaruka.

Alipopanda, wavu ameshaukata, alisema visu vya shafti ni butu kama kijiko. Nikawaka! Nikamtukana muuzaji, nikatukana na waliovitengeneza. Ndipo baba mdogo Yusufu, nahodha wetu, akakohoa.

"Mi niliona ile visu iko mukali sana. Ulipoenda kula nikaipiga tupa, mutoto asijikate mikono kule chini."

Tupa!

Visu tumeviweka ili mtoto asishuke, yeye kavitoa makali ili mtoto akishuka asiumie. Mara ngapi nilimweleza? Kila mara aliitikia, "Ndiyo, ndiyo." Kumbe kichwani mwake hakuna boti isiyo na mzamiaji, haijawahi kuwepo na haitakuwepo.

Na nitamfokea vipi mtu aliyetulea? Angekuwa mwizi ningempiga. Amefanya kwa mapenzi, basi hasira yote nimerudi nayo nyumbani.

Hamisi aliomba arudiwe maneno. Aliporudiwa akatabasamu, akasema kwa sauti kubwa mno:

"Aksanti, baba mudogo! Bila we ningejikata."

Kesho boti inavutwa tena. Nitavinoa upya, na baba mdogo nitamkalisha pale pale, nizungushe shafti kwa mkono, aone kamba inavyokatika bila mtu kulowa. Tupa nitaificha kwangu.

Tulipoachana bandarini nilimwita Hamisi, nimesimama upande wake wa kulia.

Hakugeuka.