Chupa ya Maganda ya Nanasi

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na shemeji, na cherehani zako zinashona bila kukata uzi. Mgongo je? Mara ya mwisho ulilalamika kwamba unakuuma ukiinama sana kwenye mashine. Mwambie shemeji akukande kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi, na huo mto wako mrefu uutupe. Sisi huku tu wazima, ila joto la mwaka huu halina adabu. Unaoga, unajifuta, na kabla hujavaa umeshalowa tena.

Aliyekuletea barua hii ni jirani yetu, dereva wa lori, na bila shaka amekukabidhi na chupa. Tafadhali usiifungue kwanza. Iweke sebuleni juu ya lile zulia lako jeupe, pale jua la dirishani linapopiga, nawe ukae karibu usome. Kinywaji hicho kikipata joto kidogo ndipo kinapokolea. Najua zulia hilo halikanyagwi ovyo. Hata mimi mdogo wako ulinivua viatu mlangoni ukazikagua na soksi. Lakini chupa nimeifuta vizuri chini, usiwe na wasiwasi.

Ni kile kinywaji cha maganda ya nanasi ulichonikuta nakitengeneza ulipokuja kututembelea. Ulikisifu sana, ukasema kumbe maganda tunayotupa yana utamu wote huo. Nilikuonyesha ninavyoyaosha, ninavyoyaloweka na sukari na tangawizi, ninavyofunika kwa kitambaa mpaka maji yaanze kutoa povu, kisha ninavyochuja na kutia chupani. Hapo simu yako ikalia, ukatoka nje kuongea, na hukurudi jikoni tena. Ndivyo ulivyo tangu utoto wetu, dada. Ukitumwa dukani unaondoka kabla mama hajamaliza kutaja vitu.

Nilikuahidi nitakusimulia ile safari ya familia, basi kaa nikusimulie.

Tulikwenda kumpeleka mama mkwe wangu akamwone mdogo wake, ambaye siku hizi anaishi mbali na miguu haimruhusu kusafiri. Tulikuwa wanne: mimi, Fundi wangu, mama yake, na wifi yangu yule ambaye wanawake wenzake wanamwita Mama Usafi. Unamfahamu vizuri, maana gauni zake unamshonea wewe. Kazi yake ni kujirekodi kwenye simu akiwafundisha watu kufuta vioo kwa siki na gazeti, na kuweka ndimu iliyokatwa kwenye friji ili isinuke. Siwezi kukataa, mengine yanafaa. Lakini mtu huyu aliwahi kupitisha kidole juu ya friji yangu mbele ya wageni, akakinyanyua kile kidole wote wakione, halafu akaomba kitambaa. Mume wangu ni fundi wa friji, dada! Nilitamani sakafu ipasuke niingie.

Gari lilikuwa la wifi, Fundi akiendesha. Alikuwa ameviveka viti vitambaa vipya vya rangi ya maziwa, na kabla hatujapanda alitutandikia mataulo tukalie, kama watoto wachanga. Mimi nilibeba chombo cha barafu chenye vinywaji vyangu: maji ya ndimu na tangawizi, juisi ya tikiti niliyoitia majani ya mnanaa, na chupa ya nanasi. Wifi akacheka. Akasema safari hii nisijisumbue, naye amejifunza kutengeneza kinywaji cha nanasi, tena chake ni kisafi zaidi kwa sababu amekiziba kisawasawa, hakuna hata hewa inayoingia. Kweli, kifuniko alikikaza, akakizungushia na utepe wa plastiki, kinywaji kisije kikamwagikia viti vyake. Akaisimamisha chupa kwenye kimfuko cha nyuma ya kiti cha dereva, pale jua linapoingilia.

Sasa nikufundishe ile sehemu uliyoikosa ulipokwenda kupokea simu. Kinywaji cha maganda ya nanasi hakilali. Hata ukishakichuja, kinaendelea kuchemka chenyewe humo chupani, na kwenye joto ndiyo kabisa. Kwa hiyo asubuhi na jioni unalegeza kifuniko, kinapumua, pssss, halafu unakifunga tena. Usipokipa nafasi ya kupumua kitajitafutia mwenyewe.

Nilipoiona ile chupa na utepe wake, nilifungua mdomo nimwambie. Wallahi nilitaka. Lakini kabla sijasema, wifi aligeuka akamwambia mama, kwa sauti ya asali, kwamba asiwe na hofu, safari hii yuko na watu wasiomwona mzigo. Nikafunga mdomo. Sikuelewa amemaanisha nini, lakini nilielewa kwamba jiwe limerushwa kwangu.

Na mama alikuwa kimya. Unajua mama alivyo safarini. Kila kibao cha barabarani ana la kusema, kila gari linalotupita analiombea tairi litoboke. Siku hiyo alikaa na mkoba wake mapajani kama abiria asiyejua anashukia wapi. Nikimwuliza kama ana kiu, anasema asante mwanangu, usihangaike. Nikimwuliza kama nimfungulie dirisha, anasema asante, usihangaike. Mama yule ambaye nyumbani hunigongea ukuta kwa fimbo akitaka chai!

Tulisimama kwenye kituo cha mafuta kula. Gari likabaki juani limefungwa vioo, sisi tukakaa kivulini. Hapo ndipo wifi alipotoa lake la moyoni. Akamwambia Fundi kwamba tukirudi, mama hatashukia kwetu, atakwenda kuishi kwake. Akasema amepata habari kwa mtu wa kuaminika kwamba mimi nimemchoka mama, na nimetamka hivyo kwa kinywa changu. Fundi akaniangalia. Akamwambia dada yake kwamba hayo si maneno ya kituo cha mafuta, na mwenye kuamua akae wapi ni mama mwenyewe. Mama naye, bila kunitazama, akasema atakwenda kokote ambako hatamchosha mtu.

Dada, hebu fikiri. Mama huyu ndiye aliyenilea nilipoolewa sijui kupika wali usioungua. Kinywaji hicho cha nanasi amenifundisha yeye. Huyu nimchoke mimi?

Simu yangu ikaita mfukoni, ujumbe umeingia. Nikausoma, nikaurudisha. Huo nitauelezea.

Nikasema niende garini nikalete kinywaji, angalau nipate pa kulilia. Nikafungua mlango, nikaiona chupa ya wifi. Imevimba, dada! Imetuna mpaka kitako kimekuwa cha mviringo, na ule utepe unalia kwa kukazwa. Ningeweza kuitoa nje. Ningeweza kumwita. Nilichukua chombo changu cha barafu, nikafunga mlango taratibu, nikarudi kivulini kuwamiminia watu maji ya ndimu. Hata wifi nilimmiminia, tena nikamtilia barafu nyingi.

Ilipasuka tukiwa tumekwisha kupanda, gari ndiyo kwanza linashika barabara. Loo! Mlio wake Fundi alidhani ni tairi, akakanyaga breki. Kifuniko kiligonga dari kikarudi. Povu la nanasi likashuka kwenye viti vya rangi ya maziwa, kwenye kitambaa cha kichwa cha wifi, kwenye nyusi alizozichora asubuhi. Mama akasema ile dua yake ya tairi leo imejibiwa, ila imekosea gari. Ndilo neno lake la kwanza la utani siku hiyo, na mimi nikacheka mpaka machozi. Sikucheka kwa huruma. Nilicheka kwa raha, na nakwambia hivyo hivyo ilivyo, sijutii hata tone.

Tulisimama kando ya barabara, Fundi na mama wakaenda kukaa mbali kidogo kivulini, mimi na wifi tukaanza kusugua. Mtu akiwa amelowa nanasi na nzi wanamzunguka, hana tena sauti ya asali. Akalia kwamba maelekezo aliyopewa ni ya uongo. Nikamwuliza nani kampa. Akasema ni huyo huyo aliyemwambia kuhusu mama. Nikamwuliza ni nani huyo. Akasema nisijifanye sijui, ni wa tumbo moja na mimi, tena alimwambia siku alipokwenda kupimwa gauni.

Kikulacho ki nguoni mwako, dada. Na wewe nguo unazishona mwenyewe.

Lakini nisingeamini kwa maneno ya wifi peke yake, maana naye debe tupu haliachi kuvuma. Niliamini kwa ule ujumbe ulioingia kivulini. Ulikuwa wako. Uliniuliza: Kile chumba kimeshakuwa wazi nije nipime mapazia? Nani alikuwa amekwambia chumba cha mama kitakuwa wazi? Mimi mwenyewe ndiyo kwanza nimetoka kuambiwa, chakula hakijanishuka.

Sasa tusidanganyane. Ulipokuja kututembelea ulikitamani chumba cha mbele, kile chenye mlango wa barabarani anapokaa mama akiangalia wapita njia. Ulisema kingefaa sana kwa cherehani, wateja wangekuona moja kwa moja. Nilikwambia hapana, chumba kina mwenyewe. Ukasema sawa, mdogo wangu, yameisha, ukaongeza na wali. Kumbe wewe yako ndiyo kwanza yameanza.

Na nakumbuka hasa ulichokisikia. Ilikuwa siku niliyofua mablanketi ya mama, mikono imevimba. Nilisema nimechoka. Hapo ndipo ulipookota lako la kuondoka nalo. Lakini sentensi yangu ilikuwa haijaisha, nawe ulikuwa umekaa hapo hapo, mguu juu ya mguu, ukaisikia yote. Nilisema nimechoka, lakini heri nichoke naye kuliko nipumzike nyumba haina sauti ya fimbo yake. Ulichukua kichwa ukaacha mwili. Ya jikoni ulikosa kwa haraka zako. Hii uliikata kwa makusudi, kwa mkasi, kama kitambaa.

Nilimwambia mama sentensi nzima, pale pale kando ya barabara, mikono ikininata sukari. Akanishika shavu, akasema tukitoka kwa mdogo wake turudi nyumbani kwetu. Wifi mwenyewe alimfungulia mlango wa gari. Kwa hiyo ujue chumba hakiko wazi wala hakitakuwa wazi, na mapazia yake nimeyafua jana.

Ungeniona sasa nimetulia, ungesema yameisha. Hayajaisha. Tangu turudi, mama anakuja jikoni kuosha kikombe chake mwenyewe. Hajakimaliza, chai bado inatoa moshi, yeye ameshainuka kwenda kukiosha. Nikimwambia aache, anasema usihangaike, mwanangu. Fimbo haigongi ukuta tena. Anasema ameniamini, na mimi naamini kwamba anataka kuniamini. Lakini neno lako limemwingia kama harufu ya mafuta ya taa kwenye dumu la maji. Utaosha mpaka uchoke, siku ya joto inarudi. Hilo ndilo ulilonifanyia. Wifi nimemsamehe, viti vyake vinamtosha. Wewe bado.

Basi turudi kwenye hiyo chupa. Nilimpa jirani masharti: kila atakaposimama njiani akilegeze kifuniko kidogo, ila akifika mlangoni kwako akikaze kwa nguvu zake zote za kufungulia tairi. Nimeitia sukari ya kutosha. Nimechagua chupa ya plastiki kwa sababu sitaki damu yako, wewe bado ni dada yangu. Nataka zulia lako. Kama mpaka hapa unasoma hujasikia kitu, basi geuza shingo ukitazame kitako chake. Ukiikimbilia, itapasukia mikononi. Ukiiacha, itapasukia hapo ilipo. Chagua, mimi sikuchagulii.

Doa la nanasi kwenye kitambaa cheupe linakauka likawa la hudhurungi, na sisimizi hulifanya kwao. Lakini usikate tamaa, mama amenifundisha namna ya kulitoa mpaka lisionekane. Anza na maji ya baridi, usisugue, bonyeza tu kwa kitambaa safi. Hiyo ni nusu ya kwanza.

Nusu ya pili ninayo mimi hapa. Njoo uketi mbele ya mama kwenye chumba chake, umwambie kwa kinywa chako ile nusu ya maneno yangu uliyoikata. Siku nitakaposikia fimbo inagonga ukuta, nitakuambia la zulia.

Fundi anakusalimu, ingawa salamu zake zimepoa. Mama naye anakusalimu, kwa moyo wake wote, kwa sababu jina la aliyesema maneno yale sijamtajia. Wifi alinena nami pembeni, na mama hakusikia. Hilo nimekuachia ulitaje wewe. Msalimie sana shemeji, mwambie avae viatu, sakafu itakuwa inanata.

Ni mimi, wa tumbo moja na wewe,

Mdogo wako.