Arum Imefunguka Kisangani

Kisangani, 14 Septemba 1956

Kwako Mama mupenzi,

Pokea salamu nyingi za binti yako Simone. Mugongo wako ukoje sasa? Papa angali anakohoa wakati wa baridi? Huku mwili wangu iko muzima, namushukuru Mungu.

Mama, zile arum, maua ya kwetu, ulizonifungia ndani ya majani ya mugomba siku nilipoolewa, nilizipanda nyuma ya nyumba, pale maji ya kuogea yanapopitia. Kwetu Bukavu zinaota zenyewe mitaroni, hakuna anayezitazama. Hapa joto ni kali. Tangu nifike zilitoa majani tu. Jirani yangu Fatouma, mama aliyetoka Kasongo, aliniuliza kama ni mboga. Nikamwambia hazipikwi, zinawasha mulomo. Akacheka, akasema bora ningepanda muhogo, tupike majani yake, sombe. Ni yeye peke yake anayepiga hodi kwangu. Bwana yangu Augustin, unajua, ni karani wa meli: anarudi, analala, anaondoka tena.

Mwezi uliopita mvua ilinyesha sana, na ua moja likafunguka, jeupe, kama yale ya altare ya parokia yetu. Nilikaa kando yake mpaka ndizi zikaungua jikoni.

Siku ileile Augustin akarudi. Hakula. Alisimama mbele ya ua, akaniomba nimukatie. Nikamuuliza ni la nani.

Akasema, “La kaburi, Simone.”

Alors, basi, akanieleza yote. Alikuwa na mwanamke kule Yanonge, binti wa wavuvi, jina lake Pélagie. Amekufa akizaa. Mutoto anaishi, lakini bibi yake anayemulea amezeeka, hana tena nguvu.

Sikupiga kelele, Mama. Nilichukua kisu, nikakata ua, nikamupa. Nikamwambia, “Peleka. Na ukirudi, urudi na mutoto.”

Amemuleta Jumapili, kisha amepanda meli tena. Ni musichana. Fatouma anafikiri ni wa dada ya Augustin. Ukweli wewe ndiwe wa kwanza kuusikia. Wewe unajua namna nilivyoomba mutoto. Sasa huyu analia, mikono yangu inamubeba vizuri, ninamupa maziwa, anashiba. Lakini roho yangu inamutazama kama mugeni. Niambie, Mama, bila kunionea huruma: roho inakuja polepole, ao haikuji kabisa?

Nisalimie Papa na mudogo wangu Emile. Nakaa nikingoja jibu lako.

Mimi binti yako,
Simone