Miaka Miwili kwenye Tundu Moja la Kagome

Jumamosi, Msambweni. Joto la leo si la mchezo, hata kuku wamehamia chini ya karai la kufulia. Mimi nina kijasho cha aina nyingine.

Alhamisi ijayo ninatakiwa kutetea tasnifu yangu ya uzamili, na leo asubuhi nimekiri moyoni kwamba jibu langu halina msingi.

Nieleze vizuri, maana nikijificha hapa nitasema ukweli wapi?

Ninasomea metali za kagome. Atomu zake zimejipanga kama msuko wa lema, ule mtego wa samaki anaousuka kaka yangu Kassim uani: pembetatu ndogondogo zimezunguka matundu ya pembe sita. Ukiipoza sana metali hiyo, elektroni huweza kujipanga, hapa nyingi, pale chache. Huo huitwa mpangilio wa chaji. Ukizidi kuipoza, umeme hupita bila kupotea hata chembe. Nilitaka kujua kama mambo hayo mawili husaidiana au hugombana. Hesabu zangu zilisema kwamba katika metali niliyoichagua mpangilio haupo kabisa. Msimamizi wangu alifurahi.

Leo nilimwonyesha wifi yangu Mwanasiti, mke wa Kassim, mchoro wangu. Nikamweleza kwamba kompyuta hutazama tundu moja tu, na mengine yote huyahesabu kuwa sawasawa na hilo. Akaangua kicheko. "Yaani wifi, miaka miwili yote umekaa unatazama tundu moja? Na hayo mengine nani anayajua?"

Nilicheka naye. Kisha kicheko kikanikauka.

Mpangilio ule hukamilika kila baada ya matundu mawili, kwa urefu na kwa upana, yaani manne kwa jumla. Ungejitokeza wapi, nami nimeilazimisha kompyuta iyaone yote sawa? Nimefunga mlango kwa komeo, halafu nikatangaza kwamba hakuna mgeni aliyeingia.

Na baya zaidi, nilijua.

Mwaka jana niliandika pembeni mwa daftari: panua hadi matundu manne. Kompyuta yangu kuukuu, hesabu ingechukua siku nyingi. Jibu likaja zuri, nikanyamaza. Wallahi ninaona haya.

Mama ameshapeleka kwa fundi kitambaa cha dera la mahafali, na mtaa mzima una habari. Nilimfuata jikoni nikamwambia kwamba mwaka huu huenda nisihitimu. Akaendelea kukuna nazi. Halafu akasema, "Fundi nitamwambia asikate kwanza." Basi. Nililia kidogo, sikatai.

Baada ya adhuhuri nimemwandikia msimamizi bila kuzungukazunguka: nimekosea, nilijua, ninaomba kuahirisha. Hajajibu.

Sasa kompyuta inanguruma mezani, matundu manne. Likitoka jibu lile lile, nitakuwa nimeahirisha mahafali bure. Likitoka jingine, miaka miwili imekwenda na maji. Ninayaogopa yote mawili, na siizimi ng'o.